Tezi Ndogo Juu ya Figo

SOMO LA AFYA. Somo hili lisomwe katika kikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadiliane. Mwishoni yapo maneno ya kujifunza, hesabu na maswali.

Tuseme yupo mama mmoja kijijini kwetu, mkulima wa pamba. Ana umri wa miaka 35. Msimu uliopita alikuwa mwembamba na mwenye nguvu. Alikuwa anapalilia kutwa nzima bila kuchoka. Msimu huu uso wake umekuwa wa duara kama mwezi mpevu. Tumbo limekuwa kubwa. Majirani wanafurahi. Wanasema, "Mwenzetu amenawiri! Hiyo ndiyo pesa ya pamba."

Inapita miezi kadhaa. Mama huyu akichuchumaa hawezi kuinuka mpaka ashike ukuta. Mikono na miguu imekonda, ingawa tumbo linazidi kukua. Akijigonga kidogo tu anapata alama nyeusi ya damu chini ya ngozi. Usiku hapati usingizi. Siku zake za mwezi zimekatika, na mimba hana. Nyuma ya shingo, katikati ya mabega, pameota kitu kama nundu ya ng'ombe.

Sasa majirani wanabadili maneno. Wanasema, "Huyu amerogwa." Wanaanza kumtazama bibi kizee mmoja wa kitongoji kile, mwenye macho mekundu. Hapo hatari ni mbili. Mgonjwa anacheleweshwa kupata matibabu, na mzee asiye na kosa anatafutiwa kifo.

Mama huyu ni mfano tu, siyo mtu fulani. Lakini ugonjwa wenyewe upo, una jina lake, na chanzo chake kinaweza kupimwa hospitalini. Leo tutajifunza unaanzia wapi.

1. TEZI HII IKO WAPI?

Siku mkichinja mbuzi, msikimbilie maini peke yake. Tazameni figo. Kila figo imezungukwa na mafuta. Pasua mafuta hayo taratibu upande wa mbele wa figo, kuelekea kichwani kwa mnyama. Utakuta kinofu kidogo, kigumu kidogo kuliko mafuta, mfano wa punje ya haragwe. Watu wengi hukila pamoja na mafuta bila kujua ni kitu gani.

Kinofu hicho ni tezi. Mbuzi anazo mbili, na sisi binadamu tunazo mbili. Zetu zimekaa juu ya figo kama kofia. Madaktari wanaziita tezi za adrenali. Kila moja ina uzito wa gramu 4 au 5 hivi, yaani kama kijiko kidogo cha sukari.

Tezi ni kiungo kinachotengeneza kitu na kukitoa. Tezi za jasho hutoa jasho, na tezi za mate hutoa mate. Tezi hii ya juu ya figo haina mfereji wa kutolea nje. Inachotengeneza inakimwaga moja kwa moja ndani ya damu. Damu inakichukua na kukisambaza mwili mzima, kama tarishi anayesambaza barua. Kitu cha namna hiyo kinaitwa homoni.

Tezi hii hutengeneza homoni za aina mbalimbali. Moja ni adrenalini, ile inayokufanya moyo udunde ukikutana na fisi njiani. Nyingine inaitwa kotisoli. Hiyo kotisoli ndiyo tutakayoizungumza leo.

2. KOTISOLI INAFANYA KAZI GANI?

Wasukuma tunao mfano mzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wananchi wa Usukuma na Unyamwezi walianzisha sungusungu. Hatari ikitokea, kamanda anatoa ishara. Vijana wanaamka na kutoka. Wakati ule shughuli nyingine zinasimama. Kwanza hatari iondolewe. Hatari ikiisha, kila mtu anarudi nyumbani kwake.

Kotisoli ni kama sungusungu wa mwili. Mtu akiugua malaria, akivunjika mguu, akishinda na njaa, au akipatwa na hofu kubwa, kotisoli inaongezeka katika damu. Inafungua ghala ili sukari iingie katika damu, na mwili upate nguvu ya kupambana. Inashikilia shinikizo la damu lisishuke. Inatuliza uvimbe. Hata siku ambayo hakuna hatari ipo kidogo. Alfajiri inakuwa nyingi ili tuamke, na usiku wa manane inapungua ili tulale.

Kamanda wake ni nani? Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, ukubwa wake kama punje ya choroko au zaidi kidogo. Inaitwa pituitari. Pituitari inapeleka ujumbe kwa tezi za juu ya figo kusema, "Toeni kotisoli!" Ujumbe huo unaandikwa kwa herufi nne: ACTH. Kotisoli ikitosha katika damu, pituitari inaona na kunyamaza. Basi, tezi za juu ya figo nazo zinapunguza kazi. Ndivyo mwili wenye afya unavyojitawala.

Kotisoli ikikosekana kabisa, mtu hawezi kuishi. Daktari mmoja wa London, Thomas Addison, aliliandika jambo hilo mwaka 1855. Alieleza habari za wagonjwa waliokonda, wakaishiwa nguvu, ngozi zao zikawa nyeusi kuliko kawaida, na wakafa. Walipopasuliwa baada ya kufa, tezi hizo za juu ya figo zilionekana zimeharibika. Baadhi yao zilikuwa zimeharibiwa na kifua kikuu. Kumbe kinofu kile kidogo ndani ya mafuta ndicho kinachoshikilia uhai.

3. IKIZIDI INAKUWAJE?

Hebu fikirini: sungusungu wametoka usiku, mwizi amekamatwa, lakini hawataki kurudi makwao. Wanakaa mtaani usiku na mchana. Wanafungua maghala ya watu na kula akiba. Wanang'oa miti ya mazizi ili waote moto. Hakuna anayelima. Baada ya mwaka mmoja kijiji kitakuwaje? Kitabomoka.

Mwili wenye kotisoli iliyozidi kwa muda mrefu nao unabomoka vivyo hivyo.

Ghala la sukari linabaki wazi, basi mtu anapata kisukari. Shinikizo la damu linapanda. Nyama za mapaja na mabega zinaliwa, ndiyo maana mtu anashindwa kuinuka akichuchumaa au kujitwisha ndoo. Mafuta yanahama na kukaa usoni, tumboni na nyuma ya shingo. Ngozi inakuwa nyembamba. Inachubuka upesi na vidonda vinachelewa kupona. Tumboni na mapajani hutokea michirizi mipana. Mifupa inapungukiwa na chokaa, hata mtu anaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Mwanamke anaweza kukosa siku zake au kuota ndevu. Usingizi unapotea. Mtu anakuwa na huzuni au hasira asizozijua chanzo chake. Kinga ya mwili inapungua, na kifua kikuu kilichokuwa kimelala kinaweza kuamka.

Kwa mtoto iko dalili moja kubwa: ananenepa lakini harefuki. Mama, tazama kadi ya kliniki. Uzito ukipanda haraka na urefu umesimama, mwambie mganga wa zahanati.

Dalili moja peke yake haitoshi kusema ni ugonjwa huu. Watu wengi wanene ni wazima, na wengi wenye presha hawana tatizo la tezi hii. Lakini dalili zikija kwa pamoja, uso wa mwezi, tumbo kubwa, mikono na miguu iliyokonda, ngozi inayochubuka, basi hapo pana jambo.

Daktari wa upasuaji wa Marekani aitwaye Harvey Cushing aliandika habari za mwanamke mmoja wa miaka 23 mwenye dalili kama hizo, mwaka 1912. Mwaka 1932 aliandika tena juu ya wagonjwa kadhaa na kuonyesha kwamba chanzo kinaweza kuwa uvimbe mdogo katika pituitari. Tangu hapo ugonjwa huu unaitwa kwa jina lake: ugonjwa wa Cushing. Tamka "Kushingi".

4. CHANZO CHA KWANZA: UVIMBE NDANI YA MWILI

Wakati mwingine pituitari yenyewe inaota uvimbe. Huyo ni kamanda anayetoa ishara usiku kucha na hakuna mwizi. Tezi za juu ya figo zinatii na kutoa kotisoli bila kikomo.

Wakati mwingine uvimbe unaota katika tezi ya juu ya figo yenyewe. Huyu ni mlinzi asiyemsikiliza kamanda. Pituitari imenyamaza kimya, lakini uvimbe unaendelea kumwaga kotisoli. Mara nyingi uvimbe huo siyo saratani. Mara chache ni saratani, na hapo ni lazima kuwahi.

Msiogope kupita kiasi. Uvimbe mdogo katika tezi hii watu wengi wanao bila kujua, na haumwagi kitu chochote. Ule wa kumwaga kotisoli ni wa nadra sana. Katika nchi zilizohesabu vizuri, wagonjwa wapya wa Cushing wa kutoka ndani ya mwili ni kama 2 au 3 kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Katika kila wagonjwa 10 wa namna hiyo, kama 7 chanzo chao ni pituitari. Kama 2 ni tezi ya juu ya figo. Aliyebaki ana uvimbe mahali pengine, kwa mfano katika mapafu.

5. CHANZO CHA PILI: KOTISOLI YA DUKANI

Hiki cha pili ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, na kinaweza kufika hata katika mnada wetu wa kijijini.

Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Marekani na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa iliyofanana na homoni ya tezi hii. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea alitembea. Mwaka 1950 Hench na wataalamu wawili wengine walipewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo zimetengenezwa dawa nyingi za ukoo huo. Zinaitwa steroidi. Zipo za vidonge, za sindano, za kuvuta kwa pumu, na za kupaka.

Dawa hizi zimeokoa watu wengi. Zinatumika kwa pumu kali, kwa magonjwa fulani ya figo, na kwa ukoma mishipa ya fahamu inapovimba. Wakati wa ugonjwa wa Korona, mwaka 2020, utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba moja ya dawa hizi ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa wanapumua kwa mashine. Kwa hiyo dawa yenyewe siyo adui. Mtoto akipewa na daktari kwa siku tatu au tano kwa ajili ya pumu, mpeni bila wasiwasi.

Ubaya unakuja pale mtu anapojipa mwenyewe, kwa miezi na miezi. Anaumwa magoti, ananunua vidonge, maumivu yanapoa, ananunua tena. Mwingine anataka anenepe, anameza vidonge vya kunenepesha. Mwingine anapaka mkorogo ili awe mweupe. Katika nchi mbalimbali zimewahi kukamatwa hata dawa zinazoitwa za asili, kumbe ndani yake umechanganywa unga wa steroidi.

Mkorogo nao unaingia ndani. Usidhani kwamba kwa kuwa unapakwa nje, unabaki nje. Krimu kali ya steroidi inapita katika ngozi mpaka kwenye damu. Kwa moja ya krimu kali sana, iitwayo clobetasol, maagizo ni kwamba isizidi wiki mbili mfululizo, wala isizidi gramu 50 kwa wiki. Anayejipaka mwili mzima kila siku kwa mwaka mzima amepita mbali. Mtoto mchanga akipakwa ni hatari zaidi, kwa sababu ngozi yake ni laini na mwili wake ni mdogo. Ndiyo maana Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, pamoja na vile vyenye zebaki au hidrokwinoni.

6. SOMA BOKSI

Ndugu mwanakisomo, hapa ndipo kisomo chako kina kazi. Chukua boksi la dawa au kopo la mafuta. Soma herufi kubwa, halafu soma na herufi ndogo zilizo pembeni au nyuma. Tafuta majina haya kama yanavyoandikwa:

PREDNISOLONE
DEXAMETHASONE
HYDROCORTISONE
BETAMETHASONE
CLOBETASOL

Tazama miisho yake. Manne yanaishia na herufi ONE, na la mwisho linaishia SOL. Ukiona moja ya majina haya, ujue hiyo ni steroidi. Ni dawa ya cheti cha daktari. Siyo mafuta ya urembo wala siyo dawa ya kunenepesha.

Na kopo lisilo na maandishi je? Mkorogo uliochanganywa na muuzaji hauna boksi wala orodha. Hujui unajipaka nini. Usiununue.

7. USIACHE GHAFLA

Fungu hili lisomwe mara mbili.

Baada ya kusoma hayo yote, mtu anaweza kusema, "Kumbe vidonge hivi ni sumu! Leo hii navitupa chooni." Ngoja kwanza, ndugu yangu.

Turudi kwa sungusungu. Tuseme kijiji kimekodi walinzi kutoka nje, wengi, kwa mwaka mzima. Sungusungu wa kijiji wanafanya nini? Wanalala. Wanatundika pinde ukutani, na nyuzi zinaoza. Sasa walinzi wa kukodi wakiondoka wote usiku mmoja, na wezi wakaja usiku uleule, nani ataamka?

Ndivyo ilivyo mwilini. Mtu akimeza steroidi kwa zaidi ya wiki tatu hivi, pituitari inaona kwamba zimejaa, inanyamaza. Tezi za juu ya figo zinalala na kusinyaa. Akiacha ghafla, mwili hauna kotisoli ya dukani wala ya kwake. Anaishiwa nguvu, anatapika, anasikia kizunguzungu, shinikizo la damu linashuka, anazimia. Akipata malaria au ajali siku hizo anaweza kufa.

Kwa hiyo dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo ya daktari, mpaka tezi ziamke. Kuamka kwenyewe kunaweza kuchukua miezi. Aliyepaka mkorogo mwingi kwa muda mrefu naye asiache kimyakimya. Aende hospitali aeleze ukweli, asimamiwe.

Na anayetumia dawa hizi kwa muda mrefu kwa amri ya daktari, akienda hospitali yoyote kwa shida nyingine aseme mapema, "Mimi natumia steroidi." Anayemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI naye aseme, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huzidisha nguvu ya steroidi mwilini.

8. HOSPITALINI WATAFANYA NINI?

Anza na zahanati au kituo cha afya. Watapima shinikizo la damu na sukari. Chukua dawa zote unazotumia uzitie katika mfuko mmoja: vidonge, krimu, mafuta, unga wa mganga wa kienyeji, hata makopo matupu. Usifiche kitu kwa kuona haya. Swali la kwanza la daktari mjuzi litakuwa, "Umekuwa ukitumia nini?" Jibu la kweli linaweza kukuokolea safari ndefu na gharama kubwa.

Ikiwa hakuna dawa yoyote iliyotumika, daktari ataanza kufikiria uvimbe. Hapo utapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Bariadi, na pengine Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Vipimo vyake si vya kutisha. Kimoja ni kukusanya mkojo wote wa saa 24 katika chombo kimoja, wapime kotisoli. Kingine ni kumeza kidonge kidogo cha deksamethasoni saa tano usiku, na asubuhi yake saa mbili kutolewa damu. Mbona unapewa dawa ileile tuliyoionya? Ni kwa sababu ni kidonge cha mara moja tu, cha kuijaribu tezi. Kwa mtu mzima, kamanda anaona steroidi imetosha, ananyamaza, na asubuhi kotisoli inakuwa chini. Uvimbe hausikii amri. Asubuhi kotisoli inakutwa bado iko juu.

Kisha wanapima ACTH, ule ujumbe wa kamanda. Kamanda akikutwa amenyamaza na kotisoli bado ni nyingi, kosa liko kwenye tezi ya juu ya figo. Picha ya CT scan inaonyesha ni ya kulia au ya kushoto.

Tiba ya uvimbe wa tezi hiyo ni upasuaji. Tezi yenye uvimbe inaondolewa. Mtu anaweza kuishi kwa tezi moja iliyobaki. Lakini kumbuka, hiyo ya pili ilikuwa imelala. Kwa hiyo baada ya upasuaji mgonjwa anapewa vidonge vya haidrokotisoni kwa miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, mpaka tezi yake iamke. Asivikatishe hata akijisikia mzima. Uvimbe usio saratani ukiondolewa, uso unarudi kuwa mwembamba, nguvu zinarudi, na mara nyingi presha na sukari zinapungua.

9. TURUDI KWA MAMA YETU

Mama yule wa mfano wetu ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupiga ramli. Ng'ombe wawili watauzwa. Bibi kizee atatajwa jina. Katika Usukuma tunajua yanayofuata. Wanawake wazee wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Na macho yale yalifanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi kavu, katika kupika chakula cha watoto na wajukuu kwa miaka 50. Bibi atazikwa. Uso wa mama utabaki wa mwezi. Baada ya muda naye atazikwa, kwa presha au kwa kidonda kisichopona.

Njia ya pili ni kusoma boksi, kutia dawa zote katika mfuko, na kwenda kupimwa. Kama chanzo ni vidonge vya magoti, atapunguziwa taratibu na kupona. Kama ni uvimbe, utatafutwa na kuondolewa. Bibi kizee ataendelea kuota jua mlangoni kwake, na ndiye atakayebaki na watoto siku mama anaposafiri kwenda Bugando.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi chini ya miti, wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kisha walisimama wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Hawakusikiliza ili wajue tu. Sisi nasi tukimaliza somo hili, kila mmoja aende nyumbani akasome maboksi yaliyo nyumbani kwake.

MANENO YA KUJIFUNZA

Tezi: kiungo kinachotengeneza kitu na kukitoa.
Homoni: kitu kinachotolewa na tezi katika damu ili kuamrisha viungo vingine.
Kotisoli: homoni ya tezi ya juu ya figo, inayousaidia mwili wakati wa shida.
Pituitari: tezi ndogo chini ya ubongo.
Steroidi: dawa za ukoo wa kotisoli.
Mkorogo: mchanganyiko wa krimu na mafuta ya kujichubua ngozi.

HESABU

1. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 katika Mkoa wa Simiyu. Kama wagonjwa wapya wa Cushing wa ndani ya mwili ni 2 au 3 kwa mwaka katika kila watu milioni moja, mkoa wetu ungetarajia wagonjwa wangapi kwa mwaka?

2. Mtu anapaka krimu ya clobetasol. Kila tyubu ina gramu 15. Anamaliza tyubu 4 kwa wiki. Ni gramu ngapi? Amezidisha gramu ngapi?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini majirani walidhani mama yule amenawiri? Ni dalili gani zingewaonyesha kwamba anaumwa?
2. Kwa nini aliyezoea vidonge vya steroidi asiviache ghafla? Eleza kwa mfano wa sungusungu.
3. Katika mnada wetu zinauzwa dawa na mafuta gani? Je, yana maandishi?
4. Mtu akitajwa kijijini kuwa mchawi, kikundi chetu cha kisomo kifanye nini?

Majibu ya hesabu: (1) Wagonjwa 4 hadi 6. (2) Gramu 60. Amezidisha gramu 10.